Shusha Lile Boksi

Unalijua boksi ninalolisema. Liko juu ya kabati, limekaliwa na blanketi la akiba, au liko mvunguni nyuma ya ndoo iliyotoboka. Ndani mna vitabu ulivyopewa. Pengine ilikuwa siku ya mahafali, pengine siku ulipohamia kwako, pengine mzee mmoja wa ukoo alistaafu akaamua kugawa vitu vyake angali hai. Wenzako walipata saa ya ukutani na cherehani. Wewe ukapata vitabu. Tena vitabu vya vita. Ukavipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukasema utavisoma. Tangu siku ile, aliyevigusa ni mende.

Boksi langu lilikuwa la sabuni ya mche. Mjomba wangu, mwalimu wa historia wa sekondari, alinikabidhi mwaka aliostaafu, akiwa amelifunga kwa kamba ya katani kama mzigo wa kupandishwa juu ya basi. Vitabu vilikuwa vinne: Iliadi ya Homer, Vita na Amani ya Leo Tolstoy, riwaya ya Erich Maria Remarque ya vita ya kwanza ya dunia, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Miaka mitatu kamba ile haikufunguliwa. Kila Ijumaa nilipofagia chumba nililipangusa vumbi, na kila nilipolipangusa nilijisikia kama mdaiwa anayepita mbele ya duka alilokopa. Nikajifunza kupangusa haraka.

Nataka tuzungumze juu ya aibu hiyo, kwa sababu ndiyo inayotufunga. Hatukatai vitabu hivi. Tungevikataa ingekuwa nafuu. Tunasema "nitasoma", neno ambalo kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni "usiniulize tena". Miezi inapita. Anayetupa zawadi akija kututembelea tunaomba Mungu asitazame juu. Kitabu kilichokuja kwa mapenzi kinageuka kuwa mkuu wa polisi anayekaa chumbani mwako.

Basi wiki hii amua. Usome au usisome, lakini amua. Zawadi haina riba. Aliyekupa hakukuandikisha mkataba, na kitabu alichokipenda yeye si lazima ukipende na wewe. Wahenga walishasema usisafirie nyota ya mwenzio. Ukiamua hutakisoma, kifute vumbi, andika ndani jina la atakayekifurahia, umpelekee. Huo ni uamuzi wa mtu mzima na hakuna wa kukulaumu. Kisichofaa ni hiki cha katikati, cha kuwa na vitabu bila kuwa navyo.

Hata hivyo sitajifanya sina upande. Nina upande. Nataka usome.

Ila kabla sijaanza kukusukuma, kuna watu ambao siwasukumi. Kama ulitoka Goma au Bukavu ukiwa na mtoto mgongoni, kama ulikuwa Kigali mwaka 1994, kama unajua Bujumbura ya usiku ule ambao majirani walizima taa, mimi sina la kukwambia kuhusu faida ya kusoma vita. Kitanda hicho umekilalia, kunguni wake unawajua kwa majina. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kushtuka kwake si woga. Ukipewa riwaya ya mahandaki na mabomu, una haki ya kuirudisha kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Au iweke tu. Kurt Vonnegut, Mmarekani aliyekuwa mateka wa Wajerumani mjini Dresden ndege zilipoliteketeza jiji lile Februari 1945, alichapisha riwaya yake juu ya moto ule mwaka 1969. Miaka 24. Kama aliyeona alihitaji muda wote huo ili aandike, nani atakupimia wewe muda wa kusoma?

Haya. Sisi wengine tuliobaki, tusiokimbia chochote isipokuwa unene wa kitabu, tusogee karibu.

Kisingizio cha kwanza nakijua kwa sababu nilikitumia: mimi sipendi vita. Kinasikika kizuri, hata kina harufu ya ucha Mungu. Lakini umewahi kuuliza kama walioviandika walivipenda? Chukua Remarque. Alizaliwa Osnabrück mwaka 1898, akaandikishwa jeshini mwaka 1916 akiwa na miaka 18, umri wa kijana anayesubiri matokeo ya kidato cha sita. Juni 1917 alipelekwa mstari wa mbele. Kabla Agosti haijaingia alikuwa ameshajeruhiwa kwa vipande vya bomu, na muda uliobaki wa vita aliumaliza hospitalini. Majuma machache tu! Majuma hayo yalimkaa mwilini miaka kumi ndipo yakatoka kama kitabu, mwaka 1929, kwa jina la Im Westen nichts Neues, yaani upande wa magharibi hakuna jipya. Kwa nini kikaitwa hivyo utajua ukifika ukurasa wa mwisho, nami sikumalizii utamu, ingawa utamu si neno lake.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Vijana wa darasa moja wanahimizwa na mwalimu wao wajiunge na jeshi. Wanajiunga. Wanakufa mmoja mmoja. Kuna jozi ya viatu humo, buti nzuri za ngozi laini, ambazo mwenyewe anapokufa zinahamia kwa rafiki yake, naye akifa zinahamia kwa mwingine. Ukishaziona zile buti zikitembea kutoka mguu hadi mguu umeelewa hesabu ya vita kuliko takwimu yoyote. Na kuna usiku ambao kijana anayesimulia anajikuta ndani ya shimo la bomu pamoja na adui aliyemchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe, na adui hafi upesi. Hana pa kwenda. Inabidi akae naye, amnyweshe maji, amtazame, mpaka asubuhi na baada ya asubuhi. Baadaye anafungua mkoba wa marehemu na kukuta picha za mke na mtoto.

Sasa niambie kama mtu anayependa vita angeandika hayo. Waliovipenda walijua mara moja kwamba kitabu hiki ni adui yao. Desemba 1930, filamu yake ilipoonyeshwa Berlin, wafuasi wa Goebbels wa chama cha Nazi waliingia ukumbini wakaachia panya na mabomu ya uvundo mpaka watazamaji wakatoka mbio. Mei 1933 kitabu kilitiwa moto hadharani. Mwaka 1938 mwandishi alinyang'anywa uraia. Na Desemba 1943, mdogo wake wa kike, Elfriede Scholz, alikatwa kichwa kwa hukumu ya mahakama, kosa lake ni kusema kwamba vita wameshashindwa. Kitabu kama hicho, kilicholipiwa gharama hiyo, wewe kimekufikia bure, kimefungwa kwa kamba ya katani, na unakipita ukielekea jikoni.

Mjomba wangu alifundisha miaka mingi, na nikikumbuka yule mwalimu wa kwenye riwaya anayewasukuma wanafunzi wake vitani kwa hotuba tamu, nadhani najua kwa nini nakala yake ya Remarque ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Mwalimu mwema hujiogopa kidogo.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitabu cha vita kinachukia vita. Ernst Jünger, Mjerumani wa mahandaki yaleyale, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920, na humo vita vinang'aa kama chuma kilichotoka motoni. Kukisoma si dhambi. Kisome ukiwa umefumbua jicho la pili. Ndiyo maana nasema soma zaidi ya kimoja: kitabu kimoja cha vita kinaweza kukulewesha, viwili vinaanza kubishana, na wewe katikati yao unaanza kufikiri.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi na nakiheshimu: hivi ni vita vya Wazungu, havinihusu. Umekaa Dar es Salaam, Wafaransa na Wajerumani wanauana kwenye matope ya Flanders, hilo ni la kwako kweli?

Shuka Kariakoo nikujibu. Kila siku maelfu wanateremka pale kununua vitenge, simu, dagaa, mabati. Wangapi wanajua jina la sokoni pao limetoka kwenye vita hiyohiyo ya Remarque? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, jina lililopita kwenye ndimi zetu likatoka Kariakoo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi waliwekwa pale. Nairobi nako wana Kariokor yao, mtoto wa mama mmoja. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengine kwa ujira mdogo na wengi kwa nguvu, wanakaribia milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kufika laki moja au zaidi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara damu, njaa, na mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Na Tanga? Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi lenye watu 8,000 hivi liliteremka pwani ya Tanga kupambana na kikosi cha Mjerumani cha watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Likapigwa, likarudi melini. Katikati ya mapigano nyuki waliovurugwa na risasi walitoka wakauma kila aliyekuwepo bila kuuliza bendera. Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu jeshi la Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado porini. Liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Wiki mbili baada ya dunia kutangaziwa amani, bado kulikuwa na mpagazi aliyetwishwa kasha la risasi kwa ajili ya vita vilivyokwisha.

Ukipita Barabara ya Samora unamwona yule askari wa shaba ameinamisha bunduki. Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927, na maneno ya kwenye msingi wake yalitungwa na mshairi Mwingereza Rudyard Kipling. Tumezoea kumwona Kipling kama mpiga tarumbeta wa ufalme, na alikuwa hivyo kweli. Ila mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea kwenye mapigano ya Loos mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba alikufa bila kuuona mwili. Simwonei huruma ya kupita kiasi. Laki moja ya wapagazi nao walikuwa na baba zao. Lakini ukijua hilo, sanamu haibaki kuwa kituo cha kupiga picha.

Ndivyo vitabu hivi vinavyokuhusu. Unaishi juu ya vita bila kujua. Majina ya masoko yako, mipaka ya nchi yako, lugha aliyoandikia mjomba wako hati ya kustaafu, vyote vimepitia kwenye mtutu wa bunduki. Lettow-Vorbeck alirudi kwao akaandika kumbukumbu zake mwaka 1920, na kwa muda mrefu walioandika vita vyetu walikuwa ni maofisa wa kizungu wakisifiana. Ilichukua miaka mia moja mpaka Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, akatoa Afterlives mwaka 2020 na kumweka askari Mswahili katikati ya hadithi, na jeraha lake, na mapenzi yake, na aibu yake ya kumtumikia Mjerumani. Mwaka uliofuata alipewa Nobeli. Ukimsoma Remarque kisha Gurnah, unaona vita moja kwa macho mawili, na hapo ndipo inapoanza kuwa na kina.

Tuje kwenye unene. Hapa najua tunamzungumzia nani.

Vita na Amani ina kurasa zaidi ya 1,200 katika chapa nyingi. Nilipokitoa boksini kilitua mezani kwa kishindo hadi mke wangu akauliza nimeangusha nini. Nikajibu Urusi. Tolstoy alikitoa kwa vipande kuanzia mwaka 1865 na kukamilisha mwaka 1869, naye alijua anachosema: alikuwa ofisa wa mizinga, alizingirwa Sevastopol katika vita ya Krimea, akaona watu wakipasuliwa mbele yake. Basi msomaji anafungua kitabu akitarajia mizinga. Anakuta karamu. Karamu ya mabwanyenye wa Petersburg, Julai 1805, wanaongea Kifaransa na kusengenyana. Kurasa kadhaa za salamu na majina marefu. Hapo ndipo wengi wanapokufa, kabla Napoleon hajafyatua hata risasi moja.

Usifie pale! Umewahi kufika kwenye harusi ya ukoo usioujua? Dakika ishirini za kwanza hujui shangazi ni nani na wifi ni nani. Unatabasamu, unakula, unasikiliza. Kufikia saa nne usiku unajua nani hasemeshani na nani na kwa sababu ya kiwanja kipi. Soma karamu ile hivyohivyo. Majina yasikutishe: Mrusi mmoja huitwa kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa jina la ukoo, na kwa jina la kumdekeza, yote katika ukurasa mmoja. Wazungu wa nchi nyingine hulalamika sana kuhusu hilo. Sisi tulalamike tuna nini? Jirani yangu shuleni aliitwa Salumu, mtaani ni Baba Mwanaidi, kazini ni Bwana Mfaume, kwa bibi yake ni Chande, na wote tunajua ni mtu mmoja na tunajua wa kumwita vipi tunapotaka kumkopa. Mswahili kazaliwa tayari kwa riwaya ya Kirusi. Chukua kipande cha karatasi, andika majina kumi ya mwanzo, kiweke humo ndani kama alama. Yatosha.

Sura zake ni 361, na nyingi ni fupi kiasi cha kumalizika ukiwa kwenye foleni ya daladala. Sura moja kwa siku, na mwaka hautaisha kabla yako. Utakutana na jemadari Kutuzov, mzee mnene wa jicho moja, amelala usingizi kwenye baraza la vita huku vijana wakichora mishale kwenye ramani, na taratibu utagundua kwamba aliyelala ndiye aliyeelewa. Utamkuta Pierre, tajiri mwenye miwani na kofia nyeupe, anazurura katikati ya mapigano ya Borodino ya mwaka 1812 kama mtu aliyepotea njia ya kwenda sokoni, huku makumi ya maelfu wanaanguka kumzunguka. Kuna binti anacheza ngoma. Kuna baba anapoteza mali kwenye karata za mwanawe. Nusu ya kitabu ni amani, jina lenyewe limesema, na bila ile nusu usingejua vita vinachukua nini. Mwishoni Tolstoy anaanza kuhubiri juu ya historia, kurasa nyingi, hana haraka. Ukiruka sehemu hiyo mimi sitamwambia mtu.

Iliadi na utenzi wa Shaaban Robert nitaviunganisha, kwa sababu vina dawa moja: visome kwa sauti. Homer hakutungwa kwa ajili ya jicho. Vitabu vyake 24 viliimbwa mbele ya watu, na sisi tunalijua jambo hilo tangu Mwengo wa Athumani atunge Utenzi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, hadithi ya vita vya Waislamu na Herakli, ikasomwa barazani watu wakitikisa vichwa. Utenzi una mistari minne ya mizani nane, vina vitatu vinakubaliana na cha nne kinashikilia bahari hadi mwisho. Kimyakimya unachosha. Ukiutia sauti unakubeba wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Nyuki wale walipouma mjini yeye alikuwa na miaka mitano. Vita ya pili ilipokuja alishakuwa mshairi, akaifuata kuanzia 1939 hadi 1945 kwa beti zinazohesabiwa kwa maelfu, akiitazama dunia nzima kutoka kwenye lugha yake. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amefariki tangu 1962. Jaribu beti ishirini baada ya magharibi, watoto wakiwepo. Mmoja atauliza Hitla ni nani, na umeshaanza.

Kuhusu Iliadi nakuonya jambo moja: yule farasi wa mbao wa Troya hayumo. Vita vya miaka kumi, na kitabu kimechagua majuma machache tu ya mwaka wa kumi, kikaanza na hasira ya mtu mmoja na kuishia na maziko. Mzee Priam, mfalme wa Troya, anatoka usiku kwenda kwenye kambi ya aliyemuua mwanawe, kuomba maiti. Wanalia pamoja. Wanakula. Sijui taifa lingine linaloweza kuusoma usiku huo kama sisi tunaojua maana ya kukalia mkeka wa matanga na mtu uliyekosana naye.

Kwa hiyo anza. Anza na chembamba, yaani Remarque. Jipe kurasa 40 bila kuangalia simu, kisha ujiulize kwa haki kama unataka ya 41. Ukitaka, endelea. Usipotaka, shuka humo kama unavyoshuka kwenye gari lililokosea njia, uchukue kingine. Usianze na Tolstoy ili kumvutia mtu. Usianze mwezi mmoja na mitihani au msimu wa kulima. Na kabla ya yote, fanya nililofanya mimi baada ya miaka mitatu ya kupangusa vumbi: mpigie simu aliyekupa, umuulize kwa nini vitabu hivi.

Nilimpigia mjomba Jumapili mchana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba," akajibu, maana kwetu Pwani mjomba na mpwa huitana jina moja. "Leo umeota nini?"

Nikamwambia ukweli kwamba sijafungua boksi. Hakukasirika. Nikamuuliza mbona alinipa vya vita vitupu, na yeye mtu mpole hata kuku hachinji. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namkumbuka babu, yaani baba yake.

Namkumbuka. Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alipelekwa Burma, akapita lile bonde la Kabaw mwaka 1944 pamoja na divisheni ya Afrika Mashariki wakiwafukuza Wajapani, akarudi na kikombe cha bati na miguu iliyobanduka ngozi. Tukimuuliza Burma kulikuwaje, alijibu neno moja maisha yake yote.

"Mvua."

"Hata mimi mwanawe aliniambia hilohilo," mjomba akasema. "Mvua. Nikaona kama yeye hasemi, pengine wengine wamesema. Nikaanza kusoma. Nilikuwa namtafuta baba mle ndani."

"Ulimpata?"

"Vipandevipande."

Jioni ile nilikata kamba. Nikaanza na Remarque, nikakesha naye siku mbili. Kisha nikajipa moyo nikafungua Tolstoy, na kati ya ukurasa wa 212 na 213 ikadondoka tiketi ya basi ya Tanga kwenda Dar, ya zamani hata nauli yake inachekesha. Nikageuza kurasa za mbele yake. Safi, hazijakunjwa, hazina hata alama moja ya penseli, wakati zile za nyuma zimejaa mistari yake. Nikapiga simu tena.

"Mjomba, Tolstoy uliishia wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Macho yalianza kunisumbua. Halafu yakaja madaftari ya kusahihisha. Halafu nikaona aibu." Akakohoa tena. "Ukifika mbele, mjomba, unisimulie."

Sasa niko Borodino. Pierre bado anazurura na kofia yake nyeupe. Leo baada ya isha nampigia.